Madaftari Arobaini na Moja

Benki ilinituma Jablonec kuthamini karakana ya shanga,
mwezi wa pili, theluji imefika vizingitini,
mimi na kalamu na fomu ya kurasa nne.
Tanuri: chakavu. Nikaandika sifuri.
Mashine za kubana kioo, sita, za mwaka sitini na moja:
bei ya chuma, kilo kwa kilo.
Paa linavuja. Deni halivuji.

Bohdana alinifuata nyuma, mikono kaikunja,
kama mtu anayetazama nguo za marehemu zikigawiwa.

Mezani ilikuwapo barua ya kampuni moja ya Linz:
wananunua jengo, mashine,
na makaratasi yote yaliyomo.
Maneno hayo ya mwisho niliyasoma mara mbili.
Kazi hii imenifunza: mnunuzi
hukitaja kwa sauti ya chini kile anachokitaka.

"Makaratasi gani?"

Akanipandisha darini.
Rafu moja. Madaftari arobaini na moja,
majalada ya kijivu, mwandiko wa baba yake, Ctibor,
umelala upande kama nyasi baada ya upepo:

*Jumanne. Mvua. Nyekundu imetoka rangi ya ini.*
*Seleni imezidi, au moto umechelewa.*
*Tarehe tisa. Imepasuka yote. Sijui kwa nini.*
*Tarehe kumi. Najua kwa nini.*

Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Kanuni ya nyekundu waliiba zamani," akasema.
"Kibarua wetu aliinakili kiganjani, akahamia kwao.
Ukurasa mmoja tu. Mwaka wa saba huu
wanachoma kioo, wanapata ini."

Nikakaa juu ya sanduku.
Kanuni ni mlango; madaftari haya
ni kila ukuta ambao Ctibor aliugonga kwa kichwa
kabla hajajua mlango uko wapi.
Waliiba jibu, wakasahau kuiba makosa.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hapa nilikuta kinyume chake: madaftari bila mali,
na habari tele, zinakula vumbi.

Fomu nikaikunja, nikaitia mfukoni.
Tulikesha siku mbili kwa kahawa na mkate mkavu.
Jina la karakana likapelekwa kusajiliwa, na alama yake,
ile ushanga mmoja ndani ya pete.
Hataza hatukuomba: hataza hukulinda
baada ya kukuvua nguo sokoni.
Siri haitaki mhuri, yataka kufuli na midomo.
Madaftari yakalala kwenye sefu
ya benki ileile iliyonituma kuyahesabu sifuri.

Linz tukawaandikia: hatuuzi, tunakodisha.
Mrabaha kwa kila kilo.
Mafundi wenu watatu waje, watie sahihi, wajifunze,
wasitoke na hata bahasha.

Walijibu siku ya nne.
Aliyekuwa na haraka akajulikana.

Ila siku ya mkataba, Radovan,
miaka thelathini na minne mbele ya tanuri,
asiye na daftari hata moja,
alivua glavu akauweka mkono juu ya karatasi,
mkono wenye makovu madogo kama tembe za mtama.
"Mzee aliandika: ngoja moto uwe rangi ya kiini cha yai.
Yai la kuku gani, hakuandika.
Mimi ndiye ninayejua."

Wakili akatazama saa.
Bohdana akavuta kiti, akamwambia keti.
Akachukua kalamu yangu, akakata asilimia yake mwenyewe,
akaandika ya Radovan pembeni, kwa mkono,
wino ukachuruzika kidogo. Wote wakaweka herufi za majina.

Nimerudi ofisini. Meneja anauliza ni kiasi gani.
Safu ya jengo nimejaza, ya mashine, ya deni;
safu ya haki nimeipa tarakimu nono,
ameipitisha akitikisa kichwa.

Limebaki yai.
Sijui niliweke safu ipi.
Nimeliandika kwa penseli, chini kabisa ya ukurasa,
mahali ambapo Ctibor angeandika tarehe, na mvua,
na kwamba hajui kwa nini.